Kumpa Dereva Kisogo

Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Mimi tangu mwaka 2017, kila siku ya kazi, nawapa kisogo watu nisiowajua kuanzia Tabata hadi Posta, jijini Dar es Salaam, maana ndivyo baiskeli inavyoendeshwa: uso mbele, magari nyuma. Dereva wa daladala, kijana wa bodaboda, lori la kontena linalowahi bandarini, mtu wa gari dogo anayesoma ujumbe kwenye simu, wote wako mgongoni kwangu, nami nakanyaga pedeli nikiamini kwamba hakuna hata mmoja atakayenipitia. Kwangu msemo ule umegeuka. Ninayempa kisogo lazima awe mwenzangu. Akinisahau kwa sekunde mbili tu, mimi ndiye ninayekwenda Hospitali ya Muhimbili, yeye anakwenda kunyoosha bampa.

Natoka nyumbani saa 11:40 alfajiri. Nashika Barabara ya Mandela hadi Buguruni, nakata kushoto kuingia Barabara ya Uhuru, napita Ilala, Kariakoo, Mnazi Mmoja, nafika. Ni kilomita 10 hivi na natumia dakika 40, foleni iwepo isiwepo. Saa hiyo siko peke yangu. Kuna walinzi wanaotoka lindo na koti bado wamevaa. Kuna wanaokwenda Feri kuchukua samaki, tenga limefungwa nyuma kwa mpira. Kuna wauza maji, madumu manne au sita, na kuna kijana wa mikate mwenye kreti refu kuliko yeye. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mjadala wa baiskeli mjini kwetu huishia kwenye mazoezi na kupunguza kitambi. Mazoezi ni mazuri. Lakini wengi ninaopishana nao alfajiri hawafanyi mazoezi, wanakwenda kutafuta ugali wa watoto, na baiskeli ndiyo gari lao.

Baada ya miaka kadhaa masikio yanaanza kufanya kazi ya macho. Lori tupu unalijua, bodi inagongana na tela linaruka kwenye kila shimo. Lenye mzigo linanguruma chini kwa chini na upepo wake unakufikia kabla ya lenyewe. Kosta utaitambua kwa konda anayepiga bati. Ninachokiogopa zaidi ni gari dogo jipya, vioo vimefungwa, halina sauti kabisa hadi lifike kwenye kiwiko. Ila masikio nayo yana mwisho wake, na mimi mwisho huo niliufikia pale Buguruni.

Mataa yalikuwa mekundu. Nikafanya kile tunachofanya wote: nikapenya upande wa kushoto wa foleni, kati ya magari na ukingo, hadi mbele. Nikasimama sambamba na tairi la mbele la lori lenye kontena la futi 40. Nilikuwa na kizibao cha njano kinachong'aa. Nilikuwa, kwa mawazo yangu, mtu anayeonekana kuliko wote pale.

Taa ikawaka kijani. Kichwa cha lori kikaenda mbele, kikavuta kidogo kulia, nikaamini kinanyoosha kwenda Tazara. Mimi nikaanza kukata kona yangu kushoto. Kumbe nacho kilikuwa kinajitanua ili kipate nafasi ya kukunja kushoto. Ambaye hajawahi kukaa karibu na tela refu likikata kona hajui jambo moja, nami sikulijua: tairi za nyuma hazifuati njia ya kichwa. Zinakata kwa ndani. Kichwa kinaweza kupita mita mbili kutoka kwako ukadhani umesalimika, halafu lile tela likaanza kukusogelea polepole kama mlango unaofungwa, na nyuma yako kuna ukingo na mtaro.

Nilijirusha juu ya ukingo. Baiskeli haikuwahi. Tairi la tela lilipanda rimu ya nyuma, na nikasikia spoki zikikatika moja moja. Nilipiga kelele, dereva hakusikia. Walioniokoa na mengine ni abiria wa daladala waliokuwa wakigonga bati la gari lao na kumpigia mayowe, ndipo akasimama.

Alishuka mzee wa miaka hamsini na kitu, miguu inamtetemeka kuliko yangu. "Mwanangu, sijakuona. Wallahi sijakuona."

Nilikuwa nimejaa hasira. Nikamwambia, "Mzee, hukunionaje na hiki kizibao?"

Hakubishana. Alinitazama, akatazama lori, akasema, "Panda uone."

Nilipanda. Ngazi tatu, halafu kiti ambacho kinakuweka juu kuliko paa la daladala. Utingo akashika baiskeli yangu iliyokunjika, akasimama nayo palepale nilipokuwa nimesimama mimi. Nikatazama kioo cha pembeni: nikaona ubavu wa kontena na kipande chembamba cha lami huko nyuma. Nikatazama dirisha la kushoto: nikaona paa la kibanda cha chipsi ng'ambo ya pili. Utingo hayupo. "Nyoosha mkono," mzee akamwambia. Utingo akanyoosha, na kwenye ukingo wa chini wa dirisha vikatokea vidole vinne. Basi. Mtu mzima, mrefu kunizidi, na kilichoonekana ni vidole.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi na kila mara huulizwa nani alikuwa na kosa. Nimeifikiria sana. Mzee alikuwa anakata kona, na anayekata kona ana wajibu wa kuhakikisha kwamba upande anaoelekea hauna mtu. Indiketa alikuwa ameiwasha, lakini mimi nilikuwa mbele ya taa hiyo, nisingeweza kuiona. Na mimi ndiye niliyejipenyeza kwenye nafasi ambayo hakuna dereva wa chombo kile angeweza kunitambua. Alitaka kunilipa elfu thelathini za rimu na spoki. Nilipokea elfu kumi na tano. Hadi leo naona hesabu ile ilikuwa sawa.

Tangu siku hiyo sisimami ubavuni mwa lori wala basi. Kama taa imekuwa nyekundu muda mrefu na najua nitafika, nakwenda mbele kabisa, mita tatu au nne mbele ya kioo kikubwa, nageuka na kumtazama dereva usoni. Kama sina uhakika, nabaki nyuma, katikati ya njia, mahali ambapo kioo chake kinanishika. Mzee alinipa kipimo chepesi ambacho nimewafundisha wengi: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni wewe.

Sasa niseme la haki, kwa sababu wengi wakisikia kisa hiki huniambia, "Si uache tu, barabara ni za magari." Hapana. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamhesabu mwendesha baiskeli kuwa dereva, kwa neno hilohilo. Hatukuazimwa barabara kwa hisani ya mtu. Kuna na wale wanaosema hatulipii. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa Tanzania na mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta. Kwa hiyo ni kweli, mimi sinunui petroli. Lakini kinachobomoa lami ni uzito wa ekseli, na uharibifu hupanda kwa kasi kubwa kuliko uzito wenyewe, ndiyo maana kuna mizani kwenye barabara kuu na hakuna aliyewahi kuona baiskeli ikipimwa. Na barabara hizi zimejengwa kwa kodi na mikopo inayolipwa na kila anayenunua sabuni, mama ntilie na kijana wa mikate wakiwemo.

Haki ya kwanza ninayoidai ni nafasi ya pembeni. Uingereza walirekebisha kanuni zao za barabarani Januari 2022 na wakaandika kwa tarakimu: gari linalompita mwendesha baiskeli kwa mwendo wa mji limwachie angalau mita 1.5. Mita 1.5 unaweza kuipima bila kamba, ni mlango wa gari ukiwa wazi na nusu mkono juu yake. Kule waliandika pia kwamba mwenye chombo kinachoweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari. Hilo ndilo ningependa lisomwe kwenye kila shule ya udereva nchini kwetu. Mimi na yule mzee tuligawana kosa nusu kwa nusu, lakini hatari hatukuigawana hivyo. Kama ningechelewa kuruka, kontena lake lisingepata hata mkwaruzo.

Watu hudhani usalama wa baiskeli ni kujibana pembeni kabisa. Nami nilianza hivyo, tairi linatembea juu ya mstari mweupe na mara nyingine nje yake. Pembeni kule ndiko mchanga unakojikusanya, na chupa zilizovunjika, na lami iliyomeguka kama mkate wa jana, na mifuniko ya mitaro iliyozama. Ukikwepa kimoja unatumbukia katikati ya barabara bila taarifa. Na kuna jambo lingine baya zaidi: ukijibana, unamwambia anayekuja nyuma kwamba nafasi inatosha, naye anapita hapohapo bila kugeuza usukani, kioo chake kinapapasa mkono wako. Siku hizi naendesha hatua moja nzima kutoka ukingoni. Njia ikiwa nyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kunipita salama, nakaa katikati hadi itanuke, halafu narudi pembeni na kumwashiria apite. Baadhi hupiga honi. Wapige. Anayepiga honi ameniona.

Honi yenyewe, hata hivyo, ina adabu yake. Moja fupi ukiwa mbali ni salamu, nakushukuru. Ndefu ukiwa mita mbili kutoka kisogoni inamfanya mtu ashtuke, na aliyeshtuka juu ya magurudumu mawili na madumu sita ya maji hayumbi kidogo.

Na mlango, ndugu dereva. Umeegesha kushoto, unataka kushuka kulia, upande wa barabara. Fungua kwa mkono wa kushoto, ule ulio mbali na mlango. Mwili utageuka wenyewe na macho yataangalia nyuma. Ni jambo la nusu sekunde. Binamu yangu alipoteza meno mawili Mtaa wa Msimbazi kwa kukosekana nusu sekunde hiyo.

Kuhusu mwendo sitasema mengi, kwa kuwa sheria yetu tayari inasema kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kila mtu anajua Mandela ikiwa tupu alfajiri inavyokimbizwa. Nguvu ya kugonga haiongezeki sawa na mwendo. Kutoka 30 kwenda 50, nguvu hiyo inakaribia kuwa mara tatu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga.

Nikigeukia upande wetu, ninayo ya kusema kwa uchungu zaidi, kwa sababu hawa ni watu wangu.

Kubwa kuliko yote ni kuendesha kinyume. Pale Mandela, karibu kila alfajiri, nakutana uso kwa uso na wenzangu wanaokuja upande wangu wakiyatazama magari. Kijana wa mikate alikuwa mmoja wao. Siku moja tulikaribia kugongana, mimi na yeye, wote hatuna pa kukwepea. Tukasimama. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, kwa nini unakuja huku?"

"Kaka, nikiyaona ndiyo nayakwepa. Nikiyapa mgongo nitajuaje?"

Sikuweza kumcheka, maana hoja yake ina asili yake. Shule ya msingi tulifundishwa sote: tembea upande wa kulia, uyatazame magari yanayokuja. Kwa mwenda kwa miguu ni sahihi kabisa. Anaweza kusimama papo hapo na kuruka kando. Mwenye kreti la mikate hawezi. Nikamfanyia hesabu palepale. Gari linakuja kwa 50, wewe unaendesha 15. Mkielekea upande mmoja, gari linakukaribia kwa 35, dereva ana muda wa kukuona, kukusoma na kupunguza. Mkija uso kwa uso ni 65, na muda huo umebaki karibu nusu. Na kuna njia panda. Anayetoka mtaani kuingia barabara kuu akikata kushoto anatazama kulia tu, huko magari yanakotoka. Wewe unamtokea kushoto, mahali ambapo hana sababu ya kutazama. Atakugonga na ataapa kwamba hukuwepo, na atakuwa anasema kweli.

La pili ni taa. Alfajiri saa 11:40 Dar bado ni giza, na taa za barabarani kuna mahali zinawaka na mahali zimekufa. Dainamo nyingi za baiskeli zetu zilikufa zamani na mafundi hawazigusi tena. Najua hali za watu. Mtu anayepata faida ya mia kwa mkate hawezi kununua taa ya elfu ishirini kwa moyo mweupe. Lakini tochi ndogo iliyofungwa kwa mpira kwenye usukani na kipande cha riflekta nyuma ni kitu cha siku moja au mbili za jasho, na ndicho kinachompa dereva wa nyuma nafasi ya kuwa mwenzako. Huwezi kudai aheshimu kisogo asichokiona.

Na mkono. Kabla ya kuhama njia, tazama nyuma, toa mkono, subiri pumzi moja, ndipo uhame. Tunapoyumba kutoka kushoto kwenda kulia kwa sababu tumeona shimo, tunapopita taa nyekundu kwa kuwa trafiki hatusimamishi, tunapokatiza kipilefti kwa upande mfupi, tunamfanya dereva asijue tutafanya nini. Asiyejua ndiye anayekosea. Daladala iliyosimama kituoni usiipite kushoto, mlango wake uko huko na mama anashuka na mtoto. Subiri, au pita kulia baada ya kuhakikisha. Mara ngapi nimemsikia konda akifoka, "We wa baiskeli, utaniulia abiria!" Na alikuwa na haki ya kufoka.

Kuna wanaoniambia dawa ni njia za baiskeli. Nakubali, kwa sharti moja. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli pembezoni, na mji wetu ukatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Nilizipanda njia hizo kwa furaha. Leo ukipita Manzese au Magomeni utazikuta zimejaa bodaboda zinazokwepa foleni, magari yaliyoegeshwa, meza za viatu. Machinga simlaumu sana, naye anatafuta. Wa bodaboda ndio wananiumiza, hasa nikikumbuka kwamba jina lao lilizaliwa juu ya baiskeli, kule Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Njia isiyolindwa inatuweka pabaya mara mbili: ndani hatupiti, na tukitoka kwenda barabarani tunaambiwa, "Nendeni kwenye njia yenu." Bora nguzo za zege zilizopandwa kwa kukaribiana, pamoja na trafiki mmoja anayezisimamia, kuliko kilomita nyingine za rangi.

Siku ile Buguruni, kabla hawajaondoka, utingo alifungua kisanduku cha zana na kutoa mkanda wa riflekta, ule mwekundu na mweupe wanaobandika nyuma ya matela. Akakata kipande kwa wembe, akakibandika kwenye karia ya baiskeli yangu iliyokuwa haiwezi hata kusimama. Kisha akanikatia kingine kirefu, akakikunja, akanitia mkononi. "Hiki cha akiba."

Kilikaa kwenye begi langu miezi. Nilikitoa asubuhi ile tuliposimama na kijana wa mikate. Tulikibandika pamoja nyuma ya kreti, chini kidogo ya ukingo ili turubai lisikifunike, nikakisugua na kiganja kishike vizuri. Alinishukuru, akanipa mkate, nikakataa, akalazimisha, nikauchukua. Kisha akaendelea na safari yake upande uleule wa kinyume, na nikaondoka nikidhani maneno yangu yamepotea.

Jumanne iliyopita nilikuwa nimepita njia ya kuingilia Tabata Relini, bado giza. Mbele yangu, mbali, taa za lori lililokuwa nyuma yangu ziligonga kitu chekundu kikipanda na kushuka taratibu. Nikaongeza mwendo. Lori likatupita sote wawili, likiwa limehama njia nzima. Alikuwa kushoto, hatua moja kutoka ukingoni, anakanyaga kuelekea ninakoelekea, amenipa kisogo.